Ubeti wa Pili wa Wimbo wa Trekta

Kwetu Ruangwa, nilipokuwa msichana, hata kuimba kulikuwa na wenyewe. Usicheke. Nyimbo za unyago zilikuwa za makungwi, na ukizitoa nje ya unyago unatozwa kuku na kununiwa mwaka mzima. Kaswida zilikuwa za walimu wa chuo cha Kurani. Nyimbo za shule zilikuwa za mwalimu wa shule, naye alipenda zile za kusimama wima kama mwiko kwenye chungu. Ngoma za mavuno zilikuwa na mkubwa wake, na bila ruhusa ya mkubwa huyo hata ngozi haiwambwi. Na mkubwa wa ngoma, kwa bahati yangu mbaya, alikuwa mjomba wangu.

Mtu wa mahali pengine atasema, mjomba tu? Mh! Kwetu mtoto ni wa upande wa mama. Baba yangu alikuwa mpole, analima mtama na ufuta wake, anaswali, analala. Mwenye kauli juu yangu, niolewe na nani, niende ngomani au nibaki nyumbani nitwange, alikuwa kaka yake mama. Baba mwenyewe akiulizwa jambo langu alijibu, "Kamuulizeni mjomba wake," halafu anaendelea kunoa jembe. Nilikuwa naumia roho. Baba ninaye, yuko hai, ana meno yote, na bado kamuulizeni mjomba wake!

Wazungu walipokuja Nachingwea kulima karanga, mjomba alikwenda huko akawa mnyapara. Alikaa mpaka kazi ilipopungua, akarudi amevaa tarbushi nyekundu na amebeba gramafoni. Watu walimpokea kama aliyetoka Hija. Gramafoni ile ilikuwa ya kukoroga kwa mkono, na santuri zake zilikuwa chache, za waimbaji wa pwani na fidla zao. Kuanzia siku hiyo muziki ukawa ni ule. Jioni baada ya laasiri mikeka inatandikwa uani kwake, wanaume mbele, sisi nyuma ya ua wa mabua tunachungulia. Yeye anakaa kwenye kiti chenye mgongo, anasema, "Sasa mtasikia kitu." Ukikohoa unatolewa.

Santuri moja ilikuwa na ufa. Sindano ikifika pale inaruka, mwimbaji anarudia neno moja, habibi-bi-bi-bi, mpaka mjomba aisukume kwa kidole. Basi nasi tukajifunza wimbo ule hivyohivyo. Kisimani tunaimba habibi-bi-bi-bi, na msichana asiyekamilisha bi zote anachekwa kuwa hajui muziki. Jamani! Baadaye msafiri mmoja aliyekuwa na santuri hiyohiyo nzima, isiyo na ufa, aliipiga mbele yetu. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema, "Hii yako mbovu. Haina bi-bi-bi." Na watu wazima, wenye ndevu, wakaitikia kwamba kweli, haina.

Hapo ndipo utakapoelewa kwa nini nilikuwa nimechoka kabla hata sijakua.

Mwaka huo mtama ulikuwa unaiva, nikapewa zamu ya kulinda shamba mchana. Tulikuwa na dungu, kile kichanja cha miti cha kukalia juu uone mbali, maana nyani hawana adabu. Ukishuka kunywa maji tu wamekwisha kuvunja masuke. Nimekaa pale juu, jua linaunguza, nina kopo la kugonga nikiwaona. Kopo nagonga, nyani wananitazama tu. Mara nikasikia ng'ambo ya kijito, shamba la pili, mlio. Vyuma vidogo vinalia, chini na juu, chini na juu, kama maji yanayomwagwa kwenye mitungi miwili. Na sauti ya mwanamke inaimba.

Nilijua mlio wa malimba. Wanaume wa kwetu walitembea nayo safarini, kibao kidogo chenye vyuma vya kupiga kwa vidole gumba, wanapiga kupoteza mwendo. Lakini mwanamke? Na wimbo huo sikuujua. Nikawa nauchunguza kama anayetafuta chawa. Si wa unyago. Si kaswida. Si wa ngoma ya mavuno, si wa gramafoni. Wimbo huu ni wa nani? Nani ameuruhusu? Haya ndiyo niliyojiuliza, naona haya kusema. Nilikuwa nimefugwa kiasi hicho.

Nikashuka, nyani wakale watakavyo, nikavuka kijito.

Nikamkuta juu ya dungu lake mwanamke niliyemjua, mtani wetu, aliyehamia kutoka upande wa Marambo akapewa kipande cha shamba kule bondeni. Mtani kwetu ni mtu wa ukoo mwingine ambao tangu mababu tunaruhusiwa kutukanana nao bila kugombana. Mtani anaweza kuingia kwako akabeba kuku. Anaweza kuja msibani akalala ndani ya kaburi asitoke mpaka apewe kitu. Atakuita mchawi mbele ya wakwe zako, nawe ukikasirika, aibu ni yako. Unachoruhusiwa ni kujibu tu. Na lazima ujibu, maana mtani asiyejibu ameshindwa.

"Karibu, mke mwenzangu," akaniambia bila kuacha kupiga. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake kwangu siku zote, kunihesabu mahali pa mama, kwamba ataolewa na baba yangu.

"Baba hataki mwanamke anayeota ndevu," nikamjibu, maana lazima ujibu. "Wimbo huo umeutoa wapi?"

"Kichwani."

"Nani amekufundisha?"

"Nimekwambia kichwani! Wewe masikio umeyaacha kwenu?"

Malimba aliitengeneza mwenyewe. Vyuma vyake vilikuwa spoki za baiskeli zilizopondwa kwa jiwe, na chini ya kibao amefunga kopo la samaki ili sauti ivume. Akaniimbia tena tangu mwanzo. Aliimba kwa Kimwera. Nikiuweka kwa Kiswahili utamu unapungua, lakini maneno yenyewe ni haya:

Trekta limekuja, ehe, limekuja na meno,
limeng'oa miti, limeng'oa na vichuguu,
limelima hata jua likachoka.
Wakauliza, karanga ziko wapi?
Ardhi ikasema, muulizeni mlimaji.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kila mtu alijua habari za Nachingwea, jinsi misitu ilivyolazwa na karanga zikagoma, lakini hakuna aliyekuwa ameziimba. Kumbe jambo la juzi linaweza kuimbwa! Jambo la jirani! Akaningoja nimalize kucheka, akaendelea:

Nami nimelimwa, ehe, na waume wawili,
mizizi nimekunywa, kombe la aya nimekunywa,
nimengoja mvua hata jua likachoka.
Wakauliza, watoto wako wapi?
Tumbo likasema, muulizeni mlimaji.

Hapo sikucheka. Yeye pia hakucheka. Alipiga vyuma tu kwa muda mrefu bila maneno, na nyani ng'ambo walikuwa wanakula mtama wetu, nami sikujali.

Nilikwenda kwake kila zamu yangu ya kulinda. Akanifundisha wapi pa kuweka gumba, akanichapa vidole kwa ubua nilipokosea. Siku moja aliniambia jambo lake lote. Hakuwa na mtoto, hilo nilijua. Lakini hakuwa na dada pia. Kwetu, mwanamke asiye na mtoto bado ana watoto wa dada yake, ukoo unapita hapo. Yeye hakuwa na pa kupitia.

"Nikifa mimi, ukoo wetu umefungwa kama mlango," alisema. "Hakuna wa kuniita bibi. Wimbo huu ndio mimba yangu, mtani. Nataka ubaki ujibu mtu akiuliza nilikuwa nani."

"Si uimbe ngomani watu wausikie?"

"Mjomba wako ataniruhusu?"

Nikasema nitamwomba. Ujinga wangu mimi! Nilimwomba mjomba kwa adabu zote, nimepiga magoti, nimeshika kichwa cha kanga. Mjomba akafuta vumbi kwenye gramafoni yake, akasema mwanamke hapigi malimba, na kelele za kufukuzia nyani hazipelekwi mbele za watu. Halafu akamkuta mwenyewe njiani akamuuliza, "Wewe mtani, nyimbo zako hizo nani amekupa ruhusa?"

"Nyani," akajibu. "Na hawajawahi kuniomba niongeze bi-bi-bi."

Mjomba akacheka, maana lazima acheke. Lakini mimi nilimwona shingo imevimba.

Haikupita miezi mingi likaja neno kwamba gari la redio linatoka Dar es Salaam kuzunguka majimboni kukusanya nyimbo za wenyeji. Lingefika Ruangwa. Mzungu mmoja, karani mmoja, na mashine inayokamata sauti ya mtu ikabaki nayo. Mtani aliposikia hivyo aliacha jembe katikati ya tuta. "Inabaki?" aliniuliza. "Hata mwenyewe akifa?" Nikamwambia ndivyo wanavyosema. Akanishika mkono mpaka ukaniuma.

Na nani alipewa kazi ya kuchagua watakaoimba? Unauliza? Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Mjomba akapanga. Kwanza kwaya ya shule. Kisha ngoma ya wanaume, wenye kanzu tu, asiye na kanzu akaazime. Kisha hotuba. Hotuba ya nani, ya mjomba. Gari limetoka Dar es Salaam, limekwama kwenye mchanga siku mbili, lije kusikiliza hotuba! Nilimuuliza mama kama ndugu yake huyu alizaliwa hivi au aliangushwa. Mama akaniambia nifunge mdomo, mjomba ni mjomba.

Siku yenyewe watu walijaa uwanjani mbele ya baraza. Mashine iliwekwa mezani, magurudumu mawili yanazungusha utepe, na mbele ya meza kuna kidude cha kusemea kwenye mguu wa chuma. Kwaya ikaimba wima. Ngoma ikapigwa na kanzu za kuazima, mmoja anajikwaa kwenye pindo kila akigeuka. Mzungu alikuwa anapiga mwayo amefunika mdomo. Mjomba akasimama kuvaa vizuri tarbushi yake, tayari kwa hotuba.

Mtani akatokea katikati ya watu, akamvua tarbushi, akaivaa yeye, akakalia kiti chake.

Lo! Uwanja mzima ulilia kwa kicheko. Mjomba afanye nini? Ni mtani. Kukasirika hawezi, kumsukuma hawezi. Alisimama pale kichwa wazi, upara unang'aa, anacheka kama mtu aliyeingiliwa na siafu. Na karani wa watu, hajui hili wala lile, akadhani ndiye anayefuata, akamsogezea mtani kile kidude na mkono akauinua: anza.

Akaanza. Wallahi sijasikia kitu kama kile. Vyuma vililia wazi, sauti haikutetemeka. Mzungu aliacha mwayo wake. Ubeti wa kwanza ulikwenda wote, safi, na ulipofika kwa mlimaji watu waliangua kicheko, hata karani aliyekuja na tai. Mimi nilikuwa nalia. Nilisema moyoni, imebaki, imebaki, hawawezi tena kuitoa.

Sasa sikia balaa. Utani una midomo miwili. Tulisahau, mimi na yeye, wote wawili, na tulizaliwa katika utani huohuo! Ule mlango aliopitia yeye ulikuwa wazi kwa mjomba pia. Ametaniwa mbele ya watu, kiti kimechukuliwa, kofia imechukuliwa. Asipojibu ameshindwa. Mtani alipovuta pumzi kuanza ubeti wa pili, mjomba akasogea karibu na kile kidude akajibu.

"Mchawi huyo! Mtama wake umeliwa na nyani, na meno yake ameyala mwenyewe!"

Kicheko. Mtani akaimba, nami nimelimwa. Mjomba, "Kalimwe tena, jembe ninalo!" Kicheko. Mizizi nimekunywa. "Na pombe je?" Kicheko. Aliimba mpaka mwisho, hakukata hata neno moja, macho ameyafumba, na mjomba juu yake anamimina. Nilijaribu kumfikia mjomba nimvute kanzu. Watu wamesongamana, mama amenikamata kiuno.

Karani akarudisha utepe tusikie. Watu walipiga kelele waliposikia sauti zinatoka ndani ya sanduku, wengine wakakimbia. Mtani yeye alisogea akainama karibu. Alisikia ubeti wake wa kwanza, akatabasamu, akajigusa koo. "Ni mimi huyo?" Kisha ukaja wa pili, na alichosikia ni mjomba. Kwa chini kabisa, kama mtu aliye ndani ya kisima, kulikuwa na sauti yake.

"Rudieni," akamwambia karani. "Mwanangu, rudieni hapo. Huyu akae kimya nami niimbe."

Karani akatazama jua, akasema safari ya Nachingwea ni ndefu na watu wa huko wanangoja. Na mjomba, ambaye alikwisha sahau hasira kwa kuisikia sauti yake mwenyewe, akasema, "Imetosha! Imependeza sana!" Karani akamwambia mtani kwa upole, "Mama, ule utani ndio umeunogesha." Umeunogesha! Natamani mpaka leo nimpate karani yule nimnogeshe mimi.

Wimbo ulitoka redioni baada ya masika. Redio ilikuwa Nachingwea, kwenye ukumbi wa wafanyakazi, na mjomba alitupakia kwenye lori la dukani twende tukasikie. Tulikaa chini, watu wa Lionja, watu wa Kilimarondo, hata wazee ambao Kiswahili kwao ni cha sokoni tu. Sauti ya mtani ikatoka, trekta limekuja, ehe, na ukumbi ukacheka, maana wengi pale ndio walioendesha hayo matrekta. Kisha mjomba na mchawi wake na meno yake. Ukumbi ukazidi. Katikati ya kicheko msemaji akaukatiza wimbo akasoma bei za pamba.

Basi mjomba akawa mtu wa redioni. Watu walimwita hivyo, naye akiitwa hivyo anasimama. Na wimbo ukawa Wimbo wa Mjomba. Sikutanii. Uliimbwa kisimani, ukaimbwa kwenye palizi, watoto wakauchezea kombolela, na kila mmoja anaimba ubeti wa kwanza kisha anasema, "Mchawi huyo!" na kuanguka kwa kicheko, wimbo umekwisha. Hakuna aliyejua kuna ubeti mwingine; hata waliokuwapo uwanjani walimkumbuka mjomba tu. Mjomba akanunua malimba. Hakujua kuipiga, alikaa ameishika tu. Na mwaka uliofuata akatangaza kwamba atakayetaka kuuimba wimbo ule ngomani aje kwanza kwake aombe ruhusa.

Ruhusa! Wimbo wa nyani, umepata bwana mkubwa!

Nilikwenda bondeni nimejaa hasira, nikitegemea naye amejaa tukasirike pamoja. Nikamkuta anapura ufuta. Malimba haikuwapo.

"Iko wapi?"

"Nimeitoa vyuma. Vyuma nimetegea panya."

"Mtani! Sasa utaimba na nini?"

"Siimbi." Alipepeta ungo mara kadhaa bila kunitazama. "Nilitaka wabaki nao, wamebaki nao. Kila ninapopita watoto wananiimbia. Wanacheka palepale ninapolia, mtani. Palepale. Nimechoka." Na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuniita mke mwenzangu.

Nilirudi nyumbani nikamweleza mjomba, sikupiga magoti safari hii, kwamba wimbo una ubeti wa pili nao si wa kuchekesha. Akasema, "Mpwa wangu, ninyi watoto hamjui muziki. Wimbo ule umekamilika." Akaniambia pia kwamba nimeshapata mchumba, kijana wa Nachingwea, fundi wa magari, na kwamba nijiandae.

Kijana hakuwa mbaya, nisimsingizie. Harusi ikapangwa baada ya kuvuna. Na bibi harusi kwetu siku ile si mtu, ni mzigo uliofunikwa. Unakaa mkekani uani kwa wanawake, kanga kichwani hata kidevuni, kichwa chini. Husemi. Hucheki. Ukiumwa na siafu, unaumwa. Somo yako, yule kungwi wako, amekaa ubavuni, ukijitingisha anafinya. Bibi harusi akifungua mdomo kabla ya kufika kwa mumewe, watu watasema nyumba hiyo itakuwa ya makelele, na jina litakufuata mpaka uzeeni.

Mtani alikuja, maana harusi ya watani haikosi mtani. Lakini hakuja kwa vurugu zake. Hakuiba kuku, hakupaka mtu masizi. Alikwenda moja kwa moja jikoni akakaa penye masufuria ya pilau kama mgeni wa kuazimwa. Nilimwona kupitia kanga, mgongo wake tu.

Nikaha ikafungwa barazani, adhuhuri. Baada ya kula mjomba akaingia uani kwetu, jambo ambalo mwanamume hafanyi, lakini yeye ni mtu wa redioni. Tarbushi kichwani, malimba mkononi. "Mpwa wangu nampa zawadi," akasema. "Wimbo wangu." Akauanzisha, wanawake wakaitika, watoto wakaingia mbio. Trekta limekuja, ehe, limekuja na meno. Ua mzima unacheka kabla hata ya pa kuchekea. Nikatazama jikoni. Mtani alikuwa ameshika mwiko, hakorogi.

Wakafika kwa mlimaji. Mjomba akavuta pumzi aseme mchawi huyo.

"Si wako," nikasema.

Somo akanifinya pajani mpaka nikaona nyota. Nikaitoa kanga usoni.

"Si wako, mjomba, na haujaisha."

Mama alipiga yowe moja dogo. Nami nikaimba. Nami nimelimwa, ehe, na waume wawili. Fikiria mwenyewe: bibi harusi, siku ya harusi yake, hina haijakauka, anaimba wimbo wa tumbo lisilozaa. Kuna mkosi gani zaidi ya huo? Wanawake walishika midomo. Bibi mmoja alitema mate kifuani kufukuza balaa, somo ananivuta kanga, mama analia nyamaza mwanangu nyamaza, utajilaani. Sauti yangu si nzuri, haijawahi kuwa nzuri. Nikaimba mizizi, nikaimba kombe, nikaimba mvua. Wakauliza, watoto wako wapi? Nikafika kwa mlimaji nikanyamaza, maana wimbo hapo ndipo unapoishia.

Hakuna aliyecheka. Kila mwanamke pale uani alikuwa na dada wa hivyo, au shangazi, au ni yeye mwenyewe. Walikuwa wameuimba wimbo ule kwa misimu miwili, kisimani na shambani, na sasa wanageuka mmoja mmoja kutazama jikoni.

Mtani alitoka. Mikono ina masizi mpaka viwiko. Akaja akasimama mbele ya mjomba, na watu wote wakamtazama mjomba, maana ameshatupiwa neno, ni zamu yake kujibu. Mtani asiyejibu ameshindwa. Mjomba akaitazama malimba mkononi kana kwamba amepewa mtoto wa watu amshikie.

"Pole, mtani," akasema.

Katika utani hakuna pole. Hata watoto wanajua.

"Sikutaka pole," mtani akamwambia, na sauti ilikuwa ya kukereka, ya mtu aliyengoja mno. "Nilitaka ukae kimya siku ile. Nyamaza tu! Hilo tu! Ilikuwa kazi gani?"

Mjomba akanyamaza. Mtani akamnyang'anya malimba, akaifutia masizi kwenye kanga yake, akavuta kigoda kutoka kwa bibi yule aliyetema mate, akakaa. Akajaribu vyuma, akasema vimelegea, akavikaza. Kisha akaanza upya, kuanzia trekta.